Kisikizi Huchaguliwa kwa Sikio, Si kwa Boksi

Ndugu msomaji, hapo zamani redio ilikuwa mali ya nyumba nzima. Iliwekwa juu ya meza au dirishani, ikafunguliwa kwa sauti, na jirani asiyekuwa na redio akaipata taarifa ya habari akiwa barazani kwake. Leo kila mtu anayo redio yake mfukoni, ndani ya simu, na sauti yake huiingiza masikioni mwake peke yake. Chombo kilicholeta mageuzi hayo ni kidogo kama punje ya korosho. Ni kile kipokea sauti cha kuchomeka ndani ya tundu la sikio, ambacho vijana mitaani hukiita iafoni, na ambacho katika makala hii tutakiita kisikizi kwa ufupi.

Kisikizi kimeingia katika nyumba zetu bila ya kupiga hodi. Mwanafunzi anacho, fundi cherehani anacho, mlinzi wa usiku anacho. Lakini ni wachache wanaojua namna ya kukichagua. Wengi hununua kwa kutazama rangi, au jina lililoandikwa juu ya boksi, au kwa kuamini sifa za muuzaji kwamba "hiki kina besi". Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa kuwa na hadhari, kwa sababu kitu hiki hakivaliwi kama saa ya mkononi. Huingia ndani ya kiungo ambacho kikiharibika hakina kipuri dukani.

Jambo moja twapenda msomaji alishike tangu mwanzo. Kisikizi chema ni kile kinacholiziba tundu la sikio lako barabara bila ya kuliumiza. Uzuri wa sauti, raha ya kuvaa na usalama wa masikio, yote matatu hutegemea kuziba huko. Mengine yote huja baadaye, hata bei.

Kelele zilizotuzunguka

Ili jambo hili lieleweke, na tuichukue Micheweni iwe mfano wetu. Huu ni mji wa wilaya kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pemba. Mtu wa mjini akilisikia jina hilo aweza kudhani kwamba huko ni kimya, hakuna ila upepo na bahari. Dhana hiyo si sahihi. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande ule ni mawe ya matumbawe yasiyolikubali jembe kwa urahisi. Kwa hiyo watu wengi, wake kwa waume, hujitafutia riziki kwa kuvunja mawe na kuponda kokoto. Nyundo hulia juu ya jiwe tangu asubuhi. Wavuvi nao hukaa saa nyingi karibu na mashine ya boti. Katika soko la samaki la Tumbe mnada hupigwa kwa sauti kubwa. Gari za abiria ziendazo Wete na Chake Chake hunguruma njia nzima, na mwenye safari ya Unguja huongezea juu ya hayo muungurumo wa injini za meli. Umeme wa gridi ya bara nao ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na palipo na umeme hapakosi mashine na spika.

Basi mtazame mtu wa Micheweni aliyemo garini, anayetaka kuisikiliza Redio Jamii Micheweni au kipindi cha mpira. Kisikizi chake kimelegea, kelele za injini zinapita pembeni. Hufanya nini? Huongeza sauti ya simu hadi iishinde injini. Hapo sikio lake linabeba mizigo miwili kwa pamoja, mzigo wa injini na mzigo wa kisikizi. Angekuwa na kisikizi kinachoziba, injini ingebaki nje, naye angesikia kila neno kwa sauti ndogo. Mambo haya hayana tofauti na ya abiria wa daladala Dar es Salaam au mfanyakazi wa kiwandani Tanga.

Hesabu ya desibeli

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake haifanani na hesabu ya shilingi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu. Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano vilitoa kipimo mwaka 2018: mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 83 ni saa 20. Zikifika 86 ni saa 10. Zikifika 100, ambazo simu nyingi zaweza kuzitoa zikifunguliwa hadi mwisho, kibali cha wiki nzima humalizika kwa dakika kama 20. Kwa watoto kipimo ni cha chini zaidi, yaani desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Sababu ya mipaka hiyo ni maumbile yenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojipinda mfano wa konokono, na humo mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo mno, kiasi cha elfu 15 hivi kwa kila sikio, ambazo huzigeuza sauti kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Zikipigwa kwa nguvu kwa muda mrefu huchoka, na zikizidi kupigwa hufa. Ngozi ikichubuka huota nyingine, lakini chembechembe hizi kwa mwanadamu haziotei tena. Wala maumivu hayaji kumwonya mtu. Dalili ya kwanza aghalabu ni mlio mwembamba usikikao mahali pakiwa kimya, au kusikia watu wanasema lakini maneno hayakamatiki. Shirika hilo la Afya limekadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 35, wamo katika hatari hiyo kwa ajili ya kusikiliza kwa sauti kubwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Sikio halijui nyundo wala muziki. Kwake yeye zote ni nguvu tu, na zote huingia katika hesabu moja. Mama aliyeshinda machimboni akiponda kokoto amekwisha kutumia sehemu kubwa ya kibali chake cha siku kabla ya kufika nyumbani. Akichomeka visikizi usiku na kufungua sauti kwa nguvu, anakopa juu ya deni. Mtu wa namna hiyo ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kisikizi kinachoziba na sauti ndogo, au hata ya kuyaacha masikio yapumzike.

Namna ya kujua kama kimeziba

Fikra ya kuziba tundu la sikio ilianza kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani vilianza kuuzwa vizibo vya sponji laini, ambavyo mfanyakazi huvisokota kwa vidole, huvitia sikioni, navyo hujitanua polepole na kuzuia kelele za mashine. Mwaka 1979 Sony ya Japani ilipoleta Walkman, watu walianza kutembea na muziki, ila visikizi vyake vilikaa juu ya sikio tu, na kelele za njiani ziliingia zipendavyo. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iitwayo Etymotic Research ilitoa kisikizi kiitwacho ER-4, kilichoingia ndani ya tundu na kuliziba kama kizibo cha kiwandani. Visikizi vingi vya kuchomeka tunavyoviona leo madukani vimefuata njia hiyo hiyo.

Sehemu inayoziba ni kile kikofia kidogo cha mbele. Viko vya mpira wa silikoni na viko vya sponji. Vya silikoni hudumu, huoshwa kwa urahisi, na huvaliwa upesi. Vya sponji hujitanua kufuata umbo la tundu, kwa hiyo aghalabu huzuia kelele zaidi na havibani sana, lakini huchakaa baada ya miezi michache na havipendi jasho. Ndani ya boksi mara nyingi huwa mna jozi tatu za vikofia, vidogo, vya kati na vikubwa. Watu wengi hubaki na vile vya kati vilivyokutwa vimevikwa, na vingine huvitupa pamoja na boksi. Hilo ni kosa. Vijaribuni vyote, na kila sikio lijaribiwe peke yake, maana matundu mawili ya mtu mmoja yaweza kuhitilafiana. Si ajabu sikio la kulia likataka kikofia cha kati na la kushoto kikubwa.

Namna ya kuvaa ni hii. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma kidogo, ili tundu linyooke, kisha ukiingize kisikizi taratibu. Kama kikofia ni cha sponji, kisokote kwanza, ukiingize, ukishikilie kwa nusu dakika hadi kijitanue. Sasa, kabla ya kufungua muziki, sema maneno mawili matatu. Ukiisikia sauti yako inavuma kichwani kana kwamba unasemea mtungini, kimeziba. Kisha fungua wimbo wenye ngoma na ukibonyeze kisikizi kidogo kwa kidole. Ikiwa besi inaongezeka unapobonyeza, ujue kulikuwa na mwanya, na kikofia hicho ni kidogo kwako.

Mwenye kujaribu hivyo ataitambua siri ambayo wauzaji hawaielezi. Besi ndiyo sauti ya kwanza kutorokea katika mwanya. Watu wengi walalamikao kwamba visikizi vyao havina besi wana visikizi vizuri tu vilivyovishwa vikofia visivyowaenea. Wao huenda kununua vingine vya bei kubwa, nao hurudi na mwanya ule ule.

Sauti nzuri ni ipi?

Usiipime sauti kwa maandishi ya boksi. Karibu kila boksi huandikwa kwamba chombo chatoa sauti za hezi 20 hadi 20,000. Maandishi hayo hayakwambii kama zile za chini zimezidishwa hadi zikazifunika za kati, wala kama zile za juu zinachoma masikio. Kipimo chako na kiwe wimbo unaoujua vizuri.

Kwa mtu wa visiwani, kipimo bora ni taarabu ya zamani. Chukua wimbo mmoja wa Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, na usikilize kama waweza kuibagua ganuni na udi, na fidla na nai, kila kimoja mahali pake. Halafu chukua rekodi ya Siti binti Saad, ambaye sahani zake za kwanza zilinaswa Bombay mwaka 1928. Rekodi za wakati ule hazikuwa na besi nzito. Karibu uhai wake wote umo katika sauti za kati, ambamo mna sauti ya mwanadamu. Kisikizi kikiitoa sauti yake ikiwa karibu na maneno yake yakafahamika, hicho ni chombo cha kuaminiwa. Kikiifanya isikike kana kwamba inatoka nyuma ya godoro, kiache, hata kama kinatikisa kichwa kwa nyimbo za vijana. Kwa chombo hicho cha pili, hata taarifa ya habari, mawaidha na masomo ya mwanafunzi huwa tabu kuyakamata, na mtu huongeza sauti apate maneno.

Raha ya kuvaa

Kisikizi kinachoumiza hakitavaliwa barabara, na kisichovaliwa barabara hakizibi. Kwa hiyo raha si anasa. Chagua chombo chepesi, ambacho mwili wake hauegemei kingo za sikio. Ukikivaa kwa nusu saa na sikio likaanza kuwaka, umbo lake si lako, wala usijidanganye kwamba utakizoea. Wenye masikio madogo, hasa akina mama na vijana, watafute chenye shingo nyembamba.

Kama ni cha waya, jaribu kutembea nacho. Waya ukisugua nguo, kishindo chake hupanda hadi sikioni. Dawa yake ni kuupitisha waya juu ya sikio na kuuteremsha nyuma, ikiwa umbo la kisikizi laruhusu. Wakati wa kukitoa, kizungushe kidogo ili hewa iingie, kisha ukivute polepole. Kukichomoa kwa ghafula kikiwa kimeziba huivuta ngoma ya sikio.

Mfuko wa mfanyakazi

Kwa mwenye kipato kidogo, kisikizi cha waya bado ni mnunuzi asijute. Fedha yote imekwenda katika sauti, hakina betri ya kufa, na hakihitaji chaji. Tazama tu kwanza kama simu yako ina tundu lake, kwani simu nyingi za siku hizi hutumia tundu lile lile la chaji. Visivyo na waya vina uhuru, lakini betri zake ndogo huzeeka baada ya miaka michache, na nyingi hazibadiliki.

Viko pia vinavyopambana na kelele kwa umeme. Hivyo vina maikrofoni ndogo zinazoisikia kelele ya nje, navyo hutoa sauti iliyo kinyume chake ili zifutane. Hufanya kazi vizuri sana kwa muungurumo usiobadilika, kama wa meli au gari, lakini si hodari kwa nyundo inayolia ghafula. Bei yake ni kubwa zaidi. Na hata hivyo, kikofia kisipoziba, ufundi wote huo hupungua thamani. Anza na kuziba, ndipo ufikirie umeme.

Usafi nao usisahauliwe. Kisikizi ni kama mswaki, hakiazimwi. Katika nyumba zenye watoto wengi, kisikizi kimoja kikizunguka masikio matano, uchafu nao huzunguka. Vikofia vya silikoni vitolewe, vioshwe kwa maji na sabuni, vikaushwe kabla ya kurudishwa. Mwenye kutoka kuogelea au kuvuna mwani na ayaache masikio yakauke kwanza. Na yeyote ambaye sikio lake linauma au linatoa usaha asichomeke kitu chochote, aende hospitali.

Mahali pa kukivua

Sifa ya kisikizi hiki ndiyo hatari yake. Kinachozuia injini huzuia na honi. Mwendesha baiskeli au pikipiki asikivae njiani, na mwenye kwenda kwa miguu akitoe anapovuka barabara. Machimboni kadhalika. Mwenzako akipiga ukelele kwamba jiwe linaporomoka, inakupasa uusikie. Tena kisikizi chenye muziki si kinga ya kazi. Anayetaka kujikinga na kelele za nyundo na avae vizibo halisi vya sponji visivyo na sauti ndani yake, ambavyo bei yake ni ndogo, huku macho yake yakiwa kwa wenzake.

Nyumbani nako pana adabu yake. Mtoto aliyejiziba masikio hasikii anapoitwa na mama yake, wala hasikii hodi ya mgeni. Si uasi, hakusikia. Ni wajibu wa wazazi kuweka utaratibu: masomo kwa kisikizi, sawa; wakati wa chakula, hapana; wakati wa kulala, hapana. Sauti ya simu isizidi sehemu 60 katika 100, na mzazi aiweke mwenyewe simuni kabla ya kumkabidhi mtoto.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda dukani, iwe Chake Chake, Darajani au Kariakoo, usimwulize muuzaji kama kina besi. Mwulize kama kina vikofia vya saizi mbalimbali. Ukifika nyumbani vijaribu vyote, sikio moja moja, kwa wimbo unaoujua. Kisha teremsha sauti hadi mahali ambapo maneno yanasikika tu, na uiache hapo. Mtoto anayesikiliza namna hiyo leo atakuwa na masikio ya kumsikia mjukuu wake.